Kipimo kilisema bomba ni zima, mbona limetoboka?

*Swali:* Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi mkuu wa matengenezo katika kiwanda cha mafuta ya kula, nje kidogo ya mji wa Tanga. Tuna boila ya bar 10 na laini kuu ya mvuke ya inchi 6, yenye urefu wa mita 60 hivi. Ina miaka 16 tangu ifungwe, na imevikwa sufi ya kioo na bati la alumini juu yake. Mwaka huu menejimenti ilileta kampuni ikapima unene wa bomba kwa mawimbi ya sauti, sehemu 40. Ripoti ikaandika namba zote kati ya mm 6.4 na 6.9, kwamba laini ni nzima. Miezi minne baadaye limetoboka upande wa chini, karibu na sapoti, katikati ya njia. Tumefunga kibano na kazi inaendelea. Bosi anasema tumeibiwa, kipima chao ni kibovu. Je, ni kweli? Tulipaswa kutumia njia gani? Nasikia kuna vifaa vinavyoona ukuta wa bomba bila kuvua chochote, kama vya bomba la mafuta ghafi linalokuja Chongoleani. Na nyufa je, zinaonekana kwa kipimo hicho hicho?

*Jibu:* Marahaba, fundi. Nianze na kibano, maana maswali yako mengine yanaweza kungoja wiki nzima, hicho hakiwezi.

Kibano kinakaa salama pale tu ambapo chuma kilichokizunguka kina unene wa kukibeba. Ninyi mmekifunga mahali ambapo hamjapima, na tundu la kutu kwa kawaida ni kitovu cha eneo pana lililokwisha kuliwa. Pembeni yake ukuta unaweza kuwa umebaki milimita moja au mbili kwa urefu wa mkono mzima, na mvuke wa bar 10 una joto la nyuzi 184 hivi. Zuieni watu kupita chini na kando ya sehemu hiyo, na mpange kuizima laini mapema iwezekanavyo. Kabla haijapoa na shinikizo kutoka lote, mtu asivue sufi zaidi, asigonge kutu kwa nyundo, asikwangue kwa brashi ya waya, na asichomelee kiraka.

Tarehe 6 Agosti 2012, katika kiwanda cha Chevron cha kusafisha mafuta kilichoko Richmond, California, bomba la inchi 8 lilianza kuvuja kidogo chini ya vazi lake la kuhifadhi joto. Waliamua kuliacha kazini huku wakivua lile vazi ili waone linavuja wapi. Likapasuka. Wingu la mvuke wa mafuta liliwafunika wafanyakazi 19. Wote walitoka hai, lakini moshi wa moto uliofuata uliwafanya watu wapatao 15,000 wa mitaa ya jirani waende kutafuta matibabu. Nitalirudia bomba hilo baadaye kidogo, kwa sababu nalo lilikuwa limepimwa unene, na vipimo vilikuwa vinaridhisha.

Sasa kipima. Uwezekano mkubwa ni kwamba kilisema kweli. Probu, kile kichwa cha kifaa kinachogusa bomba, hutuma wimbi la sauti ambalo sikio halilisikii. Wimbi hupita ndani ya chuma kwa kasi ya karibu mita 5,900 kwa sekunde, hugonga uso wa upande wa pili, kisha mwangwi wake hurudi. Kifaa kinahesabu muda wa kwenda na kurudi, ambao kwa ukuta wa mm 7 haufiki hata mikrosekunde 2.4, na kukigeuza kuwa unene. Kuna makosa yanayoweza kuingia hapo na nitayataja, ila makosa hayo hayatoi namba zilizokaa pamoja vizuri kama zako.

Tatizo liko kwenye eneo. Bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 60 lina uso wa nje wa karibu mita za mraba 32. Uso wa probu ya kawaida una kipenyo cha mm 10 hivi. Zikusanye sehemu zote 40 ziwe pamoja, utapata sentimita za mraba 31, pungufu ya kiganja chako. Kwa hiyo mlipima kama sehemu moja kati ya elfu kumi za bomba, na ripoti ikatamka hukumu juu ya bomba zima.

Na kuna jambo ambalo zile namba zilikuwa zinawaambia, wala hakuna aliyelisoma. Bomba la inchi 6 la skedyuli 40, yaani daraja la kawaida la unene wa ukuta, lina ukuta wa mm 7.1 kwenye jedwali, lakini kiwandani linakotengenezwa huruhusiwa kupungua hadi asilimia 12.5, yaani linaweza kutoka likiwa jipya kabisa na mm 6.2. Vipimo vyako vyote viko juu ya hapo na vimekaribiana sana. Baada ya miaka 16, maana yake ni kwamba mvuke haukuwa unalila bomba kwa ndani. Aliyeandika ripoti alitakiwa kuwaambia hivi: ndani hakuna dalili ya kuliwa, kwa hiyo kama kuna hatari basi iko nje, chini ya sufi, na huko hatujatazama. Angeandika sentensi hiyo moja, mngeshika mkasi wa bati wiki ileile.

Kutu ya chini ya sufi ndiyo ninayoishuku, na Tanga imejaa masharti yake yote. Chuma cha kawaida kilichofunikwa huliwa kwa njia hii kuanzia baridi kali hadi nyuzi 175 hivi. Juu ya hapo maji hukauka kabla hayajafanya kazi. Utaniambia laini yetu ni nyuzi 184, iko nje ya eneo hilo. Ndiyo, inapofanya kazi. Lakini mnazima Jumapili, mnazima mbegu zikiadimika, na kila mnapozima na kuwasha bomba linapita katika joto lote la katikati likiwa limezungukwa na sufi iliyolowa. Bati la alumini likishafunguka mahali pamoja tu, mvua inaingia na hewa ya bahari inaingia na chumvi yake. Chumvi inabaki, maji yakikauka inazidi kukolea, msimu unaofuata inalowa tena. Mm 7.1 kwa miaka 16 ni kama mm 0.44 kwa mwaka, na kwa bomba lenye joto na unyevu wa pwani kasi hiyo si ya ajabu hata kidogo.

Mahali pia panaeleza. Maji yanayoingia juu husafiri ndani ya sufi mpaka yakute kizuizi au bonde. Upande wa chini wa bomba lililolala, kwenye sapoti iliyopenya bati, mahali laini inapoanza kupanda, pembeni ya valvu na flenji (viungo vya bolti) ambako sufi imekatwa, chini ya matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya vipimo na hayakuzibwa vizuri. Na wapimaji wenu walipima wapi? Sina ripoti mkononi, lakini nimeona ripoti za namna hiyo nyingi: kwenye elbo (kona za bomba), karibu na boila, na popote mkono unapofika bila kupanda jukwaa. Elbo ni chaguo jema ukiwa unatafuta ukuta unaoliwa kwa ndani na mtiririko. Kwa maradhi yenu ni pahali pasipohusika.

Hapa ndipo lilipo jibu langu hasa, na ningependa bosi wako alisome mwenyewe. Swali la kwanza la ukaguzi ni "chuma hiki kinaliwa na nini, na kwa hiyo kitaliwa wapi?" Swali la kifaa linafuata. Ukilianza la kifaa, utapata namba sahihi za mahali pasipo na shida.

Rudi Richmond. Lile bomba la inchi 8 lilikuwa linaliwa na salfa iliyomo kwenye mafuta ya moto. Salfa hula haraka zaidi chuma chenye silikoni kidogo. Laini hiyo iliwekwa 1976, na kama ilivyokuwa kawaida wakati huo, vipande vyake havikuwa na silikoni sawa. Sehemu zilizokuwa zikipimwa zilikuwa kwenye elbo zenye silikoni ya kutosha, na zilikuwa nzima. Kipande kimoja kilichonyooka, kifupi, kama mita 1.3, kilikuwa na silikoni kidogo. Hakikuwa na hata sehemu moja ya kupimia. Kilipopasuka kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 90 ya ukuta wake.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Tarehe 9 Agosti 2004, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Mihama nchini Japani, bomba la upande wa mvuke, lisilo na mionzi, lenye kipenyo cha mm 560, lilipasuka na kuwamwagia watu maji ya moto na mvuke. Wafanyakazi watano walikufa na sita wakaumia. Walikuwa wakiandaa vifaa vya ukaguzi wa kawaida wa mtambo huo. Ukuta uliokuwa na mm 10 ulikuwa umeliwa hadi chini ya mm 2, hatua chache baada ya bamba la kupimia mtiririko, mahali ambapo maji yanayovurugika hula chuma na kila mhandisi wa mabomba anajua hivyo. Kituo kilianza kazi 1976. Kwa miaka yote 28 sehemu hiyo haikuwahi kupimwa hata mara moja, kwa kuwa ilirukwa kwenye orodha ya sehemu za kukagua. Hawakukosa vifaa wala wataalamu. Walikosa mstari mmoja kwenye orodha.

Kwa hiyo mkizima laini, fanyeni hivi. Kateni kipande kilichotoboka pamoja na nusu mita kila upande, na msikipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Kipasueni kwa urefu, mtazame. Nje pakiwa na magamba mazito ya kutu yanayobanduka kama tabaka, na ndani pakiwa laini na peusi, shaka yangu imethibitika. Mkikuta mfereji umechimbika sakafuni kwa ndani, hiyo ni habari nyingine: maji ya mvuke uliopoa yameshika kabonidaioksaidi ikayafanya kuwa tindikali, na shida iko kwenye dawa za maji ya boila. Vishimo vya duara vilivyotawanyika kwa ndani huelekeza kwenye oksijeni. Dakika kumi za kutazama kipande hicho zitawaonyesha mengi kuliko ripoti ya kurasa 50.

Kisha vueni bati na sufi. Sisemi mita zote 60. Anzeni na kila sapoti, kila bonde, kila valvu na flenji, chini ya kila mshono wa bati uliofunguka au ulioelekea juu, na laini ndogo zinazochepuka, hasa zile zilizofungwa miaka mingi na hazitumiki. Zile ndogo zenye mvuke wa bar 3 huwa na joto la nyuzi 144 muda wote wa kazi, yaani ziko ndani kabisa ya eneo la hatari hata pasipo kuzima. Mkiona bomba safi lenye rangi yake, fungeni na mwendelee. Mkiona magamba, bomba likiwa limezimwa na kupoa, yaondoeni mpaka chuma king'ae, kisha mpime. Gamba la kutu ni nene mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo msiogope wala msitulie kwa sura yake. Pimeni.

Kwenye kupima kwenyewe, makosa ninayoyakuta mara kwa mara ni haya. Rangi: sauti hupita polepole kwenye rangi, hivyo rangi ya mm 1 huweza kuongeza kama mm 2.5 za chuma ambacho hakipo. Tumieni kifaa chenye uwezo wa kupima kati ya mwangwi na mwangwi, au muikwangue rangi. Joto: probu ya kawaida haistahimili bomba la moto, na sauti nayo hupungua kasi kwa kama asilimia 1 kila nyuzi 55, kwa hiyo kipimo cha bomba la moto husoma zaidi ya ukweli. Ukuta mwembamba sana: ukishuka karibu na mm 1, baadhi ya vifaa hukamata mwangwi wa pili badala ya wa kwanza, na mm 0.9 ikaandikwa 1.8. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu linaficha pale hasa palipo pabaya. Dawa yake ni kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi kwenye skrini na mtu anayejua kulisoma. Anayesoma namba peke yake hatoshi. Na kwenye uso wenye vishimo msipime nukta moja. Choreni gridi ya sentimita 2 kwa 2 kuzunguka eneo lote, muandike kila namba, na ripoti itaje ndogo kuliko zote. Wastani hautoboki. Nukta nyembamba ndiyo inayotoboka.

Mkishapata namba, hesabu ni nyepesi. Chukueni unene wa zamani mtoe wa sasa, mgawe kwa miaka iliyopita kati yake, mtapata kasi ya kuliwa. Unene uliopo mtoe unene wa chini unaokubalika, mgawe kwa kasi hiyo, mtapata miaka iliyobaki. Kiwango cha API 570, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kuhusu ukaguzi wa mabomba, kinataka ukaguzi unaofuata ufanyike kabla nusu ya muda huo haijaisha, na huweka ukomo wa miaka ambao hauvukwi hata hesabu ikisema karne.

Huo unene wa chini una mtego. Mkihesabu shinikizo peke yake kwa bomba lenu la inchi 6 na bar 10, mtapata karibu mm 0.7. Ndiyo maana bomba huendelea kushika mvuke kwa utulivu hadi limebaki kama karatasi. Lakini bomba pia linajibeba lenyewe, linabeba sufi, maji ya majaribio, na fundi anayelikanyaga. Mwongozo mwenzake, API 574, hutoa kama mm 2.8 kwa ukubwa huo. Mimi ningepanga kubadilisha kipande chochote kinachokaribia mm 3.5, maana kwa kasi ya mm 0.44 mnabaki na mwaka mmoja na nusu tu kabla ya kufika huko.

Umeuliza juu ya vifaa vinavyoona bila kuvua. Vipo, na vina mipaka yake. Mawimbi yanayosafiri kwa urefu wa bomba hutumwa kutoka kwenye mkanda uliofungwa mahali pamoja, na huweza kuchunguza makumi ya mita. Hukwambia "mita ya 14 kuna kitu", lakini hayakwambii mm ngapi zimebaki. Flenji huyasimamisha na kila elbo huyapunguza nguvu. Mkondo wa edi wa mapigo, yaani umeme unaoamshwa ndani ya chuma kwa mapigo ya sumaku, hupenya bati la alumini na sufi, na hutoa wastani wa eneo pana kama sahani, hivyo tundu dogo hulipita. Kamera ya joto ni rahisi na huonyesha sufi iliyolowa, ambayo ni habari nzuri, ila sufi iliyokauka leo huenda ilikuwa imelowa mwezi wa tano. Eksirei ya pembeni, inayopiga picha ya ukingo wa bomba, huonyesha kutu na unene kwa uzuri sana kwenye mabomba madogo, ya inchi 2 au 3.

Hiyo ya mwisho hutumia mionzi, mara nyingi ya iridiamu-192, na hapo sitanii na mtu. Chanzo chake ni kidogo kuliko punje ya mchele na kinaweza kuua. Tanzania, anayekitumia lazima awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya huko. Wakija kwenu, waonyeshe kibali, wazungushie eneo kamba, wawe na kipima mionzi kinachofanya kazi mkononi, na wakimaliza wahakikishe mbele yenu kwa kipima hicho kwamba chanzo kimerudi ndani ya chombo chake. Wasipokuwa na kipima mionzi, wafukuzeni getini.

Kwa kiwanda cha ukubwa wenu na mita 60 za bomba, naona fedha za vifaa hivyo zitumike kununua bati jipya na kulipa mafundi wa kuvua na kuvika. Jicho, tochi na kipima unene kizuri vitawatosha kwenye laini hii.

Lile bomba la Hoima hadi Chongoleani ni jambo jingine kabisa: kilomita 1,443, inchi 24, limefukiwa ardhini, na limevikwa kizuia joto kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na lazima yabaki juu ya nyuzi 50 ili yatiririke. Huwezi kulivua. Mabomba ya namna hiyo hukaguliwa kwa pigi, mashine inayosukumwa na mafuta yenyewe kutoka kituo hadi kituo ndani ya bomba. Aina moja hubeba sumaku kubwa zinazoujaza ukuta usumaku, na palipoliwa usumaku huvuja ukanaswa na vihisi. Nyingine hubeba mamia ya probu za sauti. Ili pigi ipite, bomba lazima liwe na mlango wa kuiingizia na wa kuipokelea, kona pana, na kipenyo kisichobadilika. Laini ya mvuke ya kiwandani haina hata kimoja kati ya hivyo. Pasipopita pigi hatari huongezeka: tarehe 19 Agosti 2000 karibu na Carlsbad, New Mexico, bomba la gesi la inchi 30 lililoliwa kwa ndani lililipuka na kuua watu 12 wa ukoo mmoja waliokuwa wamepiga kambi mtoni. Sehemu iliyopasuka haikuwa imejengwa kwa namna ya kupitisha pigi.

Nyufa sasa. Hapana, kipimo cha unene hakizioni. Wimbi lake linashuka wima, na ufa nao umesimama wima. Wimbi hupita kando yake, likagonga ukuta wa nyuma na kurudi na namba nzuri kabisa. Nyufa zinahitaji njia zake.

Ya bei nafuu ni rangi ya kupenya, na mafundi wako wanaweza kufunzwa kuitumia. Safisha uso, pulizia rangi nyekundu, ngoja angalau dakika kumi, ifute kwa kitambaa chenye kisafishio, pulizia unga mweupe, ngoja tena. Ufa huchora mstari mwekundu. Wengi hukosea kwa kupulizia kisafishio moja kwa moja juu ya bomba, kikaiosha hata rangi iliyoingia ndani ya ufa. Wengine husugua kwa grainda kabla ya kupima, chuma kikatandazika na kuziba mdomo wa ufa. Uso uwe chini ya nyuzi 50 hivi, na usipulizie makopo hayo karibu na moto. Njia hii huona tu nyufa zilizofunguka juu ya uso, ila inafaa hata kwa chuma cha pua, ambacho kwa kawaida sumaku haikishiki.

Kwa chuma cha kawaida, sumaku ni bora zaidi. Yoki, sumaku yenye miguu miwili, huwekwa juu ya weldi, unga laini wa chuma hunyunyizwa, nao hujipanga kwenye ufa. Lazima izungushwe robo ya duara na kurudiwa, kwa sababu ufa unaolala sambamba na mkondo wa usumaku hauonekani. Yoki ya umeme wa AC iwe na nguvu ya kuinua kilo 4.5, na mwombeni mkaguzi aiinue mbele yenu. Kwa nyufa zilizo ndani ya weldi kuna mawimbi ya sauti yanayotumwa kwa pembe, na mitambo ya probu nyingi inayochora picha. Hapo ujuzi wa mtu huamua zaidi kuliko mashine. Mwaka 2005 pigi ilipita kwenye bomba la mafuta la Enbridge la inchi 30 huko Michigan na kuona alama za ufa. Wachambuzi wakaona hazijafikia kiwango cha kuchimba. Tarehe 25 Julai 2010 bomba lilipasuka palepale, karibu na mji wa Marshall, na waendeshaji walichukua saa 17 kabla ya kutambua kwamba mafuta yanamwagika.

Kwenu nyufa nazitafutia wapi? Laini ya mvuke si mahali pa kwanza. Ningeanza na diareta, lile tangi linalotoa oksijeni kwenye maji ya boila. Weldi zake za ndani zinajulikana kupasuka kidogokidogo, hasa usawa wa maji na chini yake, na haziwi na dalili yoyote kwa nje. Ombeni unga wa sumaku wa kimiminika unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno, tangi likiwa tupu, limepoa, na kibali cha kuingia mahali pafinyu kimetolewa. Baada ya hapo, mabomba ya chuma cha pua yaliyovikwa sufi: chumvi ya bahari na joto la kati ya nyuzi 60 na 175 huyapasua kwa nyufa zenye matawi, na rangi ya kupenya huziona vizuri.

Kuhusu ile kampuni: bosi asidai fedha kwa hoja ya kifaa kibovu, atashindwa. Hoja yenye nguvu ni kwamba ripoti ilitangaza laini nzima kuwa salama wakati sehemu zilizopimwa hazikuruhusu kusema hivyo. Waitwe, wakae na ninyi mbele ya mchoro wa laini, waeleze kila sehemu waliichagua kwa sababu gani. Cheti cha boila cha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nacho kisomwe kwa makini, ni cha boila, hakizungumzii bomba lililo mita 40 kutoka hapo.

Mkiajiri tena, mkataba uandikwe kabla ya mtu kushika probu. Mpimaji awe na cheti cha ngazi ya pili kwa mujibu wa ISO 9712 (kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha wapimaji) au mfumo unaolingana nao, kwa njia ileile atakayoitumia: cheti cha rangi ya kupenya hakimruhusu kupima kwa sauti. Aje na kipande cha chuma kinachofanana na chenu, chenye ngazi za unene unaojulikana, akirekebishe kifaa mbele yenu asubuhi na akihakiki tena mwisho wa siku. Sehemu za kupima zichaguliwe pamoja nawe, kwa kuwa wewe ndiye unayejua mvua inaingilia wapi, na kila sehemu iwe na namba kwenye mchoro na alama ya kudumu kwenye bomba ili mwakani apime palepale. Ripoti itaje na sehemu ambazo hazikufikiwa na kwa nini. Kampuni itakayokataa kuandika orodha ya yale ambayo haikuyapima, msiipe kazi.